Kuni za Lusambi

"Ziwa ni la mwenye kuni." Vijana waliyasikia maneno hayo barazani, mzee mmoja alipomtupia tajiri wa mitumbwi aliyekuwa akijigamba. Watu wote wakacheka, na shauri likaishia hapo. Vijana nao walicheka, lakini walipokuwa njiani wakaanza kuulizana wamecheka nini. Ziwa lina samaki na mawimbi. Kuni zinaingiaje humo? Wakamwendea Bibi Sikudhani, aliyekuwa akimenya mihogo nyuma ya nyumba yake, wakamwomba awaambie neno hilo limetoka wapi. Bibi aliwagawia visu kwanza, kwa sababu kwake hakuna aliyesikiliza akiwa mikono mitupu. Walipoanza kumenya, akawaeleza neno lenyewe lilivyozaliwa.

Zamani za vita ya kwanza ya Wazungu, Lusambi ilikuwa nyumba chache zilizobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mlimani kulikuwa na miyombo minene, na chini kulikuwa na ghuba ndogo iliyotulia hata siku za upepo. Katika nyumba mojawapo aliishi Nyanzobe, mwanamke kijana, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Nyakamwe, na mtoto wake wa kike, Nzoya, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akisimama dede. Mume wake, Bitwale, hakuwapo nyumbani. Alikuwa amechukuliwa na serikali ya boma ili awe mtia moto ndani ya meli.

Meli hiyo ilikuwa ya chuma na ilikwenda kwa moshi. Haikula kitu kingine ila kuni, na ilizila kwa pupa hata watu wa pwani wakaiita Mla Msitu. Kila penye ghuba tulivu, serikali iliwaamuru watu wakate kuni na kuzipanga mchangani, karibu kabisa na maji, ili meli ikifika isipoteze muda. Lusambi nayo ilipewa amri hiyo. Wanaume walikata, wanawake wakabeba. Mla Msitu ilipokuja kupakia, Nyanzobe alimwona mumewe akichungulia kwenye tundu la ubavuni, uso mweusi kwa masizi, macho mekundu kama ya mtu aliyelia. Wakati mwingine aliruhusiwa kushuka na kupokea kuni, wakapata kusema maneno mawili matatu. Kisha filimbi ililia naye akarudi ndani.

Nyanzobe alitaka jambo moja tu, mumewe arudi nyumbani mzima. Mengine yote ya vita hiyo hakuyaelewa. Aliambiwa kwamba Wazungu wa boma wanapigana na Wazungu wa ng'ambo, na wanachogombania ni ziwa. Hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Watu hugombania shamba, au ng'ombe, au kisima wakati wa kiangazi. Maji ya ziwa hayalimwi, hayana mpaka, na aliyeyateka jana hakuyapunguza kwa ajili ya wa leo. Alimwuliza mama mkwe wake maana yake. Bibi Nyakamwe akamjibu kwamba Wazungu wakimaliza ziwa watagombania mawingu, na kwamba chungu kinaungua.

Siku moja, wakati wa kupakia, alimwuliza Bitwale mwenyewe. Bitwale alimweleza huku akirusha magogo. Alimwambia kwamba askari wakipita nchi kavu, milimani na kwenye mabwawa, wanafika wamekonda na nusu yao wanaumwa, na wapagazi wanakula njiani chakula kilekile wanachokibeba. Wakipanda meli, jioni wanalala hapa na kesho wako mwisho wa ziwa, pamoja na mizinga na magunia ya mahindi. Kule kusini kulikuwa na ngome ya serikali isiyolima hata mhogo mmoja. Ililishwa na Mla Msitu peke yake. Na wale wa ng'ambo, ingawa walikuwa wengi na wana bunduki, walikaa kwao wakitazama maji tu, kwa sababu aliyethubutu kuvuka kwa mtumbwi alizamishwa.

"Ziwa ni njia, Mama Nzoya," alisema. "Sisi tumekaa mlangoni."

Nyanzobe aliitika kwa kichwa. Lakini alipokuwa akipanda kurudi nyumbani alijiuliza, ikiwa mumewe amekaa mlangoni, basi mtu atakayetaka kupita atamgonga nani kwanza?

Hapa Bibi Sikudhani alisimama kidogo akawaambia vijana desturi moja, maana bila hiyo hadithi haikamiliki. Katika pwani ile, tangu kale, kuni zilizo uani zina mwenyewe. Ukizitaka, huzichukui; unaomba, na anayeombwa ni mwenye nyumba. Lakini kuni zikishashuka mchangani, hazina mwenyewe tena. Ni za mgeni wa maji. Mtu aliyetupwa na dhoruba, ameloa na anatetemeka, akikuta kuni mchangani huwasha moto bila kuuliza, na hakuna wa kumwuliza, hata kama ni mtu mliyegombana naye. Kila mtu wa Lusambi alikuwa na ndugu mvuvi aliyewahi kuokolewa na kuni za watu asiowajua. Kwa hiyo serikali ilipoamuru kuni zipangwe mchangani, watu walitii, nao walielewa jambo moja ambalo serikali haikulielewa: kwamba kuni hizo sasa ni za yeyote atakayetoka majini.

Basi, asubuhi moja, moshi ulionekana upande wa ng'ambo. Wanawake walishuka na mitungi yao kutazama. Ilikuwa meli ambayo hawajapata kuiona, ndogo kuliko Mla Msitu, nyembamba kama samaki mgebuka, na bendera yake ilikuwa na rangi nyingine. Nyanzobe alitafuta tundu la ubavuni hakuliona. Wakashuka askari, na Mzungu mwenye ndevu nyekundu, na mkalimani aliyeitwa Sadala, mtu mrefu aliyesema Kiswahili kizuri cha Kimanyema. Sadala aliwasalimu vizuri, akauliza kuni zile ni za nani.

Jumbe wa kijiji, mzee Lugonzi, alimjibu kama ambavyo angemjibu mtu yeyote. Alisema ni za mgeni.

Sadala alitafsiri, na Mzungu akashangaa, kisha akafurahi sana. Askari walianza kupakia. Wanawake walipoona wanaume wale hawajui kubeba, wanadondosha na kujiumiza vidole, waliwasaidia. Nyanzobe naye alibeba. Hakuona ubaya wowote. Meli ni meli, moshi ni moshi, na Wazungu wa huku na wa kule kwa macho yake walikuwa kama dagaa wa wavu mmoja. Mpaka jua lilipofika utosini, mchanga ulikuwa mweupe, haujabaki hata ubua. Meli ndogo ikapiga filimbi ikaondoka.

Siku iliyofuata ikaja Mla Msitu. Ilikuja polepole, moshi wake mwembamba kama wa mzee anayevuta kiko, kwa kuwa ilikuwa imefika na vijiti vya mwisho. Bwana wa meli alitazama mchanga mtupu akauliza kuni ziko wapi. Jumbe Lugonzi akamwambia walikuja wageni wakazichukua.

"Wageni gani?"

"Wa majini, Bwana."

Bwana wa meli alipoelewa, alikuwa mwekundu kisha akawa mweupe. Alimfunga jumbe kamba, akampandisha melini. Akasema kijiji kizima kimewalisha adui, na kwamba mtu yeyote akitoroka, jumbe ndiye atakayelipa. Akatoa amri nyingine: kuanzia sasa, hata kijiti kimoja kisionekane mchangani mpaka yeye mwenyewe aseme. Kila kuni itakayokatwa ibebwe na wanawake, iwekwe kwenye nyua zao. Kisha akawapeleka mlimani askari wake wengi na watia moto wote, na mashoka, wakakate.

Ndivyo Bitwale alivyopata kuupanda tena mlima wa kwao. Lakini Nyanzobe hakufurahi, maana sasa alikuwa ameelewa nusu ya jambo, na nusu hiyo ilimtia hofu. Alimfuata mumewe mlimani akimbebea uji, akakaa juu ya jiwe.

"Wale niliowapa kuni," alisema, "ndio watakaokuja kuwaua?"

Bitwale aliendelea kukata. Alipoona mkewe hataondoka bila jibu, aliegemea shoka.

"Meli yetu ikiwa na moto, wao wanatukimbia. Bila moto ni sufuria tu. Wakitukuta tumekaa ghubani, watatupiga kama bata aliyeatamia."

"Nilizibeba kwa kichwa changu, Baba Nzoya."

"Hukujua."

"Hata sasa sijui. Yule Mzungu wa jana alishukuru. Huyu wa leo amemfunga jumbe. Na bado unaniambia wa jana ndiye adui."

Bitwale alikunywa uji, akashika tena shoka. Nyanzobe alimshauri akimbie avuke mlima, kisha akakumbuka kwamba jumbe ndiye atakayelipa, akaliacha neno hilo. Akatwika mzigo wa kuni kichwani akashuka. Siku hiyo na iliyofuata wanawake walipanda na kushuka. Zilikuwa kuni kavu, za miti iliyoanguka mlimani miaka iliyopita. Zikajaa uani kwa Nyanzobe mpaka mlango wa jiko ukawa hauonekani, na kwa jirani zake hivyo hivyo. Bibi Nyakamwe aliketi juu ya rundo akasema kwamba tangu aolewe hajawahi kuwa tajiri namna hii, na kwamba ajabu ya utajiri huu ni kwamba umeletwa na kilio.

Bwana wa meli aliogopa adui asizikute tena mchangani, kwa hiyo alikuwa amekusudia kuzishusha zote kwa pamoja, apakie na kuondoka. Hakuwahi. Asubuhi moshi ulionekana, na meli ndogo ikaingia mdomo wa ghuba kwa kasi, ikichoma kuni za Lusambi.

Watu walikimbilia migombani. Nyanzobe alimfunga Nzoya mgongoni, akasimama nyuma ya rundo la kuni, akihesabu watu aliowaona kwenye Mla Msitu. Hakujua kama mumewe yuko mlimani au amerudi melini. Mzinga ulilia mara moja, maji yakaruka juu kama mti. Hakuna aliyejibu. Bomba la Mla Msitu lilikuwa baridi, nayo meli haikuweza kugeuka wala kusogea, na askari wake walikuwa mlimani na mashoka. Baada ya kitambo kitambaa cheupe kikapandishwa. Askari wa mlimani walipokiona, hawakushuka. Walishika njia ya kusini, ile ndefu, kwa miguu.

Hapakuwa na vita nyingine. Ziwa ambalo watu walilipigania kwa muda mrefu hivyo lilibadili mikono kwa mlio mmoja wa mzinga. Jumbe Lugonzi alifunguliwa kamba, akafika pwani amelowa hadi kiunoni, akilalamika kwamba kiatu chake kimoja kimebaki melini na hajui sasa amdai Mzungu yupi.

Bitwale aliteremka mbio kutoka mlimani kumtafuta mkewe. Alimkuta mbele ya nyumba. Hawajasema neno, Sadala akaja na askari. Aliitazama mikono ya Bitwale, jinsi ilivyoungua mpaka kwenye viwiko, akamshika mkono mmoja.

"Huyu ni mtia moto," alisema. "Tunamchukua. Meli zetu sasa ni mbili, na wa kuzilisha ni wachache."

Nyanzobe akasogea mbele. Siku zote alidhani vita ikiisha mumewe atarudi, na vita, kwa kadiri ya macho yake, imekwisha sasa hivi hapo ghubani.

"Ziwa ni la nani leo?" aliuliza.

"Letu, dada."

"Na jana?"

"Jana lilikuwa lao."

"Huyu alichukuliwa kwa ajili ya ziwa la jana. Mbona mnamchukua na la leo?"

Sadala alicheka kidogo, lakini mkono hakuuachia. Alisema mtu wa meli hufuata meli, kama jembe na mpini. Kisha akawageukia wanawake waliokusanyika. Akawaambia bwana wake anataka kuondoka kabla upepo wa alasiri haujaamka, kwa kuwa ana meli ya kukokota na kuni zake zimeishia kwenye mbio. Basi washushe kuni, haraka.

Wanawake walitazamana. Wote walikuwa na kuni uani, na hakuna aliyejua sasa amri ni ipi. Bwana wa kwanza alisema zisishuke mpaka aseme, naye alikuwa amekaa kwenye sitaha amefungwa, hasemi. Macho yao yakamwendea Nyanzobe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anazungumza.

"Kuni hazijashuka," Nyanzobe alisema.

"Ndiyo maana nasema zishushwe."

"Zingekuwa mchangani zingekuwa zako, wala usingeniuliza, kama siku ile. Hizi ziko uani. Za uani huombwa."

"Haya basi, naomba."

"Unamwomba nani?"

"Wewe hapa."

"Mimi si mwenye nyumba," Nyanzobe alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kweli kusaidia asione njia. "Siwezi kutoa kitu cha nyumba na mwenye nyumba hayupo. Mwenye nyumba ni huyo uliyemshika. Akienda na wewe hayupo. Nani atanipa ruhusa?"

Bibi Nyakamwe, aliyekuwa juu ya rundo, hakushuka. Alivuta kanga yake akakaa vizuri zaidi. Akasema kwamba mwanawe huyo ni mvivu na anakoroma, lakini ndiye mwenye kuni, na yeye mama yake hana idhini ya kutoa hata ukuni wa kuchokonolea meno. Mwanamke mwingine akasema mume wake yeye yuko migombani amejificha, atamwuliza akitoka. Mwingine akasema wake amekwenda mtoni. Mara Lusambi nzima ikawa haina mwenye nyumba hata mmoja.

Mzungu mwenye ndevu nyekundu alikuja kuona kinachochelewesha. Sadala alimweleza. Mzungu alionyesha bunduki za askari wake. Sadala alimjibu kwa lugha yao, kisha, bila shaka ili wenye kuni nao wasikie, akayarudia kwa Kiswahili.

"Leo tutazichukua kwa bunduki, Bwana. Juma lijalo tukirudi tutakuta nani amekata? Watakuwa nyuma ya mlima. Na ile pale," akaonyesha Mla Msitu, "ina mizinga kutushinda. Tumeikamata kwa mkono mtupu kwa sababu ya mchanga usio na kuni."

Mzungu aliitazama ile meli kubwa, bomba lake halitoi hata uzi wa moshi. Akautazama mlima, ulivyosimama. Akawatazama askari wake, vidole vyao vimefungwa vitambaa tangu siku ile ya kupakia. Upepo ulikuwa umeanza kugusa majani ya migomba. Akasema neno moja, fupi, akageuka kwenda zake.

Sadala aliuachia mkono wa Bitwale. Alikaa juu ya gogo, akafuta jasho.

"Nimevuka maji haya tangu ujana," alimwambia Nyanzobe. "Niliambiwa ziwa ni la masultani, nikaambiwa ni la boma, na leo asubuhi mimi mwenyewe nimekwambia ni letu. Kumbe ziwa ni la mwenye kuni."

Bitwale alisimama mlangoni pake, akasema kwamba mgeni ameomba, na yeye ametoa. Nyanzobe alikuwa wa kwanza kujitwika mzigo. Nyua zote zikafunguliwa, kuni zikashuka mchangani, na zilipofika mchangani askari wakazichukua bila kumwuliza mtu.

Miezi michache baadaye, ngome ya kusini iliachwa wazi. Haikupigwa. Waliokuwamo walingoja mahindi ya Mla Msitu, wakala mbegu, wakala ngozi, kisha wakaondoka kwa miguu.

Lakini hayo yalikuwa mbali na Lusambi. Siku ileile meli zilipotoweka, zikikokotana kwenye mawimbi, Bitwale alimnyanyua Nzoya, na mtoto akalia kwa kuwa hakumjua mtu huyu wa masizi. Nyanzobe alikuwa amekaa kizingitini. Kichwa chake kilikuwa bado kimejaa maswali, ila moja ndilo lililomchoma.

"Watarudi kukuchukua?"

"Watarudi," Bitwale alisema. "Zile kuni hazifiki mbali."

Alimweka mtoto chini, akachukua shoka, akaenda mlimani. Jioni alirudi na mzigo, akaupita mchanga bila kuutazama, akautua uani. Majirani walimwona, nao wakafanya hivyo. Meli zikaja na kurudi miaka yote iliyobaki ya vita, bendera zikabadilika, na kila bwana wa meli aliyefika Lusambi alikuta mchanga mtupu, akavua kofia na kupanda mpaka mlangoni kuomba. Na kila alipopanda, Bitwale alikuwapo, kwa sababu bila yeye kuni hazishuki.

Basi, wajukuu zangu, Bibi Sikudhani alisema, yeye aliye na meli na ajigambe, na mwenye bendera na aipandishe apendavyo. Ziwa ni la mwenye kuni.